Barabara za kimya za Nyanda za Juu Kusini: lami ije au isije?

Mjadala ulianzia kwenye supu. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumetoka kuzunguka Kalenga, watu sita, baiskeli zimeegemezwa ukutani, na jamaa yetu mmoja ambaye siku hizi anaangalia sana video za waendesha baiskeli wa Italia akatoa hoja kwamba sisi wa Iringa na Mbeya tumekalia utajiri bila kujua: vilima, hewa ya baridi, miji ya kale, barabara za vumbi ambazo unaenda nusu saa hujapishana na gari, na kwamba badala ya kulilia lami kila msimu wa bajeti tungeacha baadhi ya hizo barabara kama zilivyo afu tuzitangaze kwa watalii. Mwingine ambaye kwao ni Makete akaweka kijiko chini akamuuliza, "Kaka, ushawahi kushusha mgonjwa kwenye hiyo barabara unayotaka ibaki?" Supu ikapoa.

Mi nimekaa na hilo swali tangu siku ile, na kwa kweli sioni kama yupo aliyekosea moja kwa moja.

Mfano wa Italia sio wa kupuuza. Kule Toscana mwaka 1997 walianzisha safari ya baiskeli za zamani inaitwa L'Eroica, inaanzia Gaiole in Chianti, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya kuzitetea barabara zao za kokoto nyeupe zisije zikamwagiwa lami zote. Mpaka 2007 yakazaliwa na mashindano ya waendeshaji wa kulipwa, siku hizi yanaitwa Strade Bianche, yaani barabara nyeupe, yanaishia Siena ndani ya mji wa kale. Vumbi limekuwa mtaji. Ila angalia kitu kimoja: mtu wa Gaiole akiugua usiku ana lami ya kumfikisha hospitali, kokoto kwake ni ziada, ni ya Jumapili. Mtu wa Matamba, kule milimani Makete, kokoto ndo barabara yenyewe, hana nyingine.

Sasa turudi kwetu, maana utamu upo na sitaki nijifanye haupo.

Mzunguko wetu wa Iringa ni hivi. Mnatokea mjini karibu na Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, mnateremka kushika barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, na ndani ya kama kilomita 15 mko Kalenga. Hapo ndo palikuwa makao makuu ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ngome yake Wajerumani wakaivunja kwa mizinga Oktoba 1894, na fuvu lake ambalo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa kwenye kanyumba kadogo ka makumbusho ambako ukikapita kwa kasi ya gari hukaoni. Kwa baiskeli unakaona. Unaona na mzee anasukuma Phoenix yake ina gunia la mkaa nyuma na dumu la lita 20 limening'inia ubavuni, unamwamkia "kamwene baba", anaitikia, anakuangalia na taiti zako anacheka, anauliza hiyo baiskeli haina keria unabebea nini. Sijawahi kupata jibu zuri la hilo swali. Kutoka Kalenga tunakata kwa njia za vijijini kupandisha Tosamaganga, misheni ya kale ya Wakatoliki wa Italia, kanisa kubwa liko juu ya kilima utadhani limeokotwa kwao likaletwa zima zima, miti mikubwa, kimya, kengele tu. Katikati ya hapo unasikia mnyororo wako mwenyewe ukipita kwenye gia. Hiyo sauti ukiwa barabara kuu huisikii hata siku moja.

Basi hapo ndo penye shida, kwa sababu ukitaka kumalizia na Isimila, kwenye zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale, lazima uibukie barabara ya TANZAM ile inayotoka Dar kwenda Tunduma. Mjini hadi Isimila ni kilomita kama 20 tu lakini kile kipande cha barabara kuu ni cha kuombea. Semi zinapishana, zinakwenda Zambia na Kongo na mizigo, basi linataka kuwahi, na bega la barabara, ile nafasi ya pembeni nje ya njia ya magari, sehemu nyingine ni kama hakuna, lami imekatika kama imeng'atwa na pembeni ni shimo la nusu futi. Siku moja semi ilinipita wakati nyingine inakuja mbele, upepo wake ukanivuta kwanza ndani afu ukanisukuma nje, nikajikuta nimesimama kwenye majani nimeshika breki zote mbili na mguu unatetemeka wenyewe. Dereva sidhani hata kama aliniona. Nilikaa chini nikanywa maji yote.

Ndo maana yule jamaa wa video za Italia anasema lami inaua. Na wengi wetu tuliitikia kichwa siku ile, mimi nikiwemo.

Lakini nikikumbuka njia nilizopita naona hesabu haiendi hivyo. Njombe hadi Makete ni zaidi ya kilomita 100, zamani mvua ikinyesha watu walikuwa wanalala njiani, siku hizi ni lami, na bado ni kimya! Unapanda unashuka kwenye mashamba ya viazi na misitu ya kupanda, ukungu unakupiga usoni, gari moja baada ya muda mrefu. Afu chukua Uyole kwenda Tukuyu, nayo ni lami, nayo ni milima mizuri sana, migomba, chai, parachichi, Mlima Rungwe uko pale umekaa, na Tukuyu ni mji wa Wajerumani wa zamani waliouita Neu Langenburg, ila hapo hakuna kimya hata kidogo kwa sababu ile barabara inaenda Kasumulu, mpaka wa Malawi. Kona zile na malori yanayoshuka na breki zinanuka, mh. Chunya vilevile, kutoka Mbeya unapanda mlima mpaka pumzi inakata halafu unaona bonde lote liko chini yako, raha tupu, lakini Chunya ni dhahabu tangu miaka ya 1920 na dhahabu haijawahi kuita watu kwa upole.

Kwa hiyo kinachoamua kelele ni barabara inakoenda. Ikienda mpakani au mgodini itakuwa na fujo hata ingekuwa ya vumbi, na vumbi la semi naomba usilijaribu, utakohoa wiki. Na ukitaka ushahidi wa upande mwingine nenda Mufindi na Sao Hill, barabara za udongo kabisa, chai kijani mpaka macho yanachoka, lakini ukikutana na lori la magogo kwenye njia nyembamba huo udongo haukusaidii chochote zaidi ya kuteleza.

Ila nimpe haki yake jamaa, kuna kitu lami inaleta ambacho hata Makete kimefika, nacho ni spidi. Kwenye vumbi Land Cruiser inakuja taratibu na unaiona vumbi lake kutoka mbali, unajipanga. Kwenye lami iliyonyooka inakuja kama imerushwa, na kwa sababu magari ni machache dereva ameshazoea kwamba barabara ni yake. Kimya kinaweza kukuua nacho. Na mbuzi na watoto wa shule wanajua hilo kuliko mimi ninayepita mara mbili kwa mwaka.

Halafu kuna Matamba. Wanaopanda kutoka Chimala wanaijua, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba kwa ajili ya kona zake, na mwaka niliopanda mimi ilikuwa kokoto na mawe, kona ya 20 nikashuka nikaanza kusukuma, kona ya 30 na kitu pancha. Kijana mmoja fundi, duka lake ni boksi la mbao na pampu, akaniziba kwa kipande cha tyubu ya bodaboda, na wakati gundi inakauka mama mmoja aliyekuwa amekaa pale na magunia ya viazi akisubiri gari akaniuliza napanda huku kutafuta nini. Nikamwambia natafuta sehemu tulivu mama, nakwenda Kitulo kuona maua. Akanijibu, "Utulivu tunao mwingi mwanangu, chukua hata gunia zima." Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri.

Mimi nimemuelewa yule mama kuliko video zote za Toscana. Ndio, maua ya Kitulo yasingekuwa vile kama semi zingekuwa zinapita katikati, hilo silipingi, na ni hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa sababu ya maua hayohayo. Ila kumwambia mtu aendelee kusubiri gari siku nzima ili mimi nisikie mnyororo wangu, hiyo hoja hata kwenye supu haisimami.

Ninachoona tungekipigania sisi wa baiskeli ni bega. Lami ikija ije na bega pana pande zote mbili, hata mita moja na nusu, na matuta kwenye vijiji. Na sio kwa ajili ya watalii. Anayelihitaji zaidi ni yule mzee wa Kalenga na gunia lake, ni wale vijana wanaoshuka na lumbesa ya viazi mpaka baiskeli haionekani, hao wako barabarani kila siku ya Mungu na hawana kofia ngumu wala taa ya nyuma. Watalii wa baiskeli wapo tayari, wale wanaotoka Cairo kwenda Cape Town wanapita Mbeya kuelekea Kasumulu, na mgeni atakayekuja kwa ajili ya Kalenga na Tosamaganga vile vijia vya kukatia havina foleni ya kupata lami, atavikuta.

Niliyaandika haya kwenye grupu jana usiku. Wa Makete ameweka dole gumba. Wa Italia hajajibu kitu, ila fundi wetu wa mjini ameniambia leo asubuhi jamaa alipita kuulizia tairi pana.