Je, usingizi husafisha ubongo kweli?

Kauli kwamba ubongo hujiosha tukilala imerudiwa sana kiasi kwamba wengi huichukulia kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Bado lina ubishi.

Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, iliripoti kwamba panya akilala, nafasi iliyo kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60. Protini ya beta-amiloidi, ile inayorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer (maradhi ya kupoteza kumbukumbu), nayo huondoka kwa kasi maradufu. Mwaka 2024 timu ya Nick Franks wa Imperial College London ikapata kinyume chake: rangi waliyoidunga kwenye ubongo wa panya ilitoka polepole zaidi wakati wa usingizi, na polepole zaidi ya hapo chini ya nusukaputi.

Ugumu uko kwenye kipimo. Rangi ikipungua mahali fulani, huenda imetolewa nje, au imesambaa tu kwingine ndani ya ubongo uleule. Wanaoipinga timu ya London wanasema sindano hujeruhi tishu na kuvuruga mtiririko wenyewe. Hoja ni nzito, lakini inakata kotekote: kipimo cha amiloidi cha 2013 nacho kilihitaji kudunga ubongo. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba molekuli ndogo ya rangi haisafiri kama protini kubwa, kwa hiyo matokeo ya moja hayatoshi kuamulia nyingine.

Kwa binadamu, picha za MRI zilizochapishwa 2019 na watafiti wa Boston zilionyesha kwamba katika usingizi mzito damu hupungua kichwani kwa vipindi, na majimaji ya ubongo huingia kwa mawimbi kufuata nafasi hiyo. Huo ni mwendo wa majimaji, taka hazikupimwa. Hata amiloidi inayoongezeka baada ya kukesha ina maelezo mawili: huenda haikusafishwa, au neva za mtu aliye macho huitengeneza kwa wingi zaidi.

Kwa hiyo mtiririko naukubali, usafishaji bado. Na asitokee mtu wa kumeza vidonge vya usingizi ili aoshe ubongo: katika utafiti wa panya wa 2025, zolpidemu, moja ya dawa hizo, ilidhoofisha mawimbi ya noradrenalini (kemikali ya ubongo) yanayosukuma majimaji hayo. Aliyeandikiwa dawa hiyo asiiache ghafla bila daktari, maana kukosa usingizi kunaweza kurudi kwa ukali zaidi kwa siku kadhaa.