Tatizo si joto, ni watoto kutoucheza

Kuna mwandishi anayesema mpira wa magongo wa kwenye barafu haupati mashabiki nchi za joto kwa sababu ya hali ya hewa. Sikubaliani naye. Florida ni joto, lakini timu yake ya Tampa Bay Lightning imechukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, 2004, 2020 na 2021, na watu wanajaa uwanjani. Kweli, Atlanta, nao mji wa joto, imepoteza timu mbili, 1980 na 2011, zote zikahamia Kanada. Lakini basi joto peke yake halitoshi kueleza.

Mimi naangalia mtoto anacheza nini. Hapa Dodoma mtoto wa Nkuhungu anafunga makaratasi kwa kamba, chandimu inaanza vumbini. Akikua anaenda uwanja wa Jamhuri kuishangilia timu ya soka ya Dodoma Jiji huku akijua kwa mguu wake mwenyewe ugumu wa pasi anayoiona. Barafu inataka mashine za kugandisha usiku na mchana, viatu vya chuma, kofia ngumu, vikinga mwili. Mzazi gani ataanzia hapo? Hata Kenya Ice Lions, timu ya magongo ya barafu ya vijana ninaowaheshimu sana, wamejifunzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli Nairobi.

Na magongo ya uwanjani, yasiyo ya barafu, Watanzania tunayajua, tuliyacheza Olimpiki ya Moscow 1980! Wakitaka mashabiki huku, walete kwanza magongo shuleni, yachezwe kwenye sakafu ya saruji. Barafu ije baadaye.