Hiyo ndege ya ghorofa tuwaachie Dubai

Ujumbe wa sauti uliingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mrefu kama hotuba ya kampeni. Mwenye sauti ni shemeji yangu, muuza vipuri vya magari pale soko la Kisekka, Kampala, mtu ninayemheshimu kwa kila jambo isipokuwa mambo ya anga. Hoja yake: kuna Airbus A380, zile ndege kubwa za ghorofa mbili, zimeegeshwa huko ng'ambo, wenyewe wamezichoka, zinauzwa bei ya kutupa. Serikali ichukue hata moja, ipakwe rangi za bendera yetu, itue Entebbe, ibebe Waganda mia tano kwa mpigo kwenda London kwa nauli nafuu, na majirani zetu wa Nairobi na Kigali watukome. Vidole gumba vikamiminika. Shangazi akaandika, "Amina."

Kwenye kundi nilijibu kwa adabu, maana shemeji ni shemeji. Huku nasema ninavyotaka.

Kitu kikiuzwa bei ya kutupa, cha kwanza ni kumuuliza mwenyewe kwa nini anakitupa. Airbus walianza mradi huu mwaka 2000, abiria wa kwanza wakapanda mwaka 2007 na Singapore Airlines, na ilipofika Desemba 2021 ndege ya mwisho ikakabidhiwa na kazi ikafungwa. Zilizokabidhiwa kwa wateja ni 251 tu. Kati ya hizo, 123 zilikwenda kwa mteja mmoja, Emirates. Mtoe huyo mmoja, uone kinachobaki kwa dunia nzima. Hakuna shirika la abiria la Marekani lililonunua hata moja. Afrika nako hakuna, na hapa kwa mara ya kwanza tulikuwa na busara bila kushurutishwa na mtu.

Sasa watu husema ndege ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Niliwahi kuipanda kutoka Dubai, na sijalala vizuri namna ile angani kabla wala baada yake. Injini unazisikia kwa mbali tu. Shida yake ni hesabu ya viti, na hesabu hiyo haibembelezeki.

Abiria hanunui ndege. Ananunua siku na saa ya kuondoka. Mfanyabiashara wa Kikuubo anayefuata mzigo Dubai anataka kuondoka Jumanne na kurudi Ijumaa, kontena lake lisimsubiri. Ukimwambia ndege yetu ni kubwa, ina ghorofa mbili, ila ni Jumapili tu, atakutakia kila la heri na kukata tiketi kwingine. Hata pale Old Taxi Park, taxi ya watu kumi na wanne inajaa na kuondoka huku basi kubwa bado linapiga honi na utingo anaimba majina ya miji. Basi lina nafasi zaidi, nauli pengine ni ileile, lakini nani ana muda wa kukaa ndani akisubiri wenzake arobaini ambao bado wako nyumbani wanakunywa chai?

Ndiyo maana shirika lenye akili likipata abiria mia tano kwa siku halikimbilii ndege ya watu mia tano. Linapeleka mbili za mia mbili hamsini, moja asubuhi na moja usiku. Ya asubuhi ikipungukiwa, msimu ukibadilika, linaifuta au linaihamishia njia nyingine. Ndege ya ghorofa huwezi kuikata katikati ukapeleka nusu.

Kisha njoo kwenye hicho wanachokisifia sana, gharama kwa kila kiti. Kwenye karatasi A380 ilipendeza: gawanya mafuta, marubani na ada za uwanja kwa viti mia tano, kila kiti kinatoka rahisi. Lakini karatasi inadhani kila kiti kina mtu. Mafuta hayapungui sana kwa sababu ghorofa ya juu ni tupu. Chuma ni kilekile, mabawa ni yaleyale, karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha. Basi shirika linaanza kuhangaika na vile viti mia moja na hamsini vya mwisho. Linashusha bei. Wanakuja watu, ni kweli, lakini na yule ambaye angelipa bei kamili naye anaiona bei mpya, anatabasamu, analipa hiyo. Ndege imejaa, picha za uzinduzi zimependeza, na pesa iliyoingia ni pungufu kuliko ya ndege ndogo iliyobeba watu mia tatu waliolipa vizuri. Hiyo "nauli nafuu" anayoiota shemeji ndiyo iliyowaua wenzetu wenye soko kubwa kuliko letu mara mia.

Na soko letu sisi ni lipi? British Airways waliacha kuja Entebbe mwaka 2015. KLM na Brussels Airlines kwa miaka mingi wameiunganisha Entebbe na Kigali katika safari moja, ndege moja ikichota abiria huku na huku ndipo itoshe. Hizo ni ndege za kawaida za injini mbili. Kujaza moja imebidi tushirikiane na Rwanda, leo tunataka ya ghorofa peke yetu! Desemba ingejaa, sikatai, watu wa London wanarudi na masanduku yao. Februari nani anapanda? Sangara?

Tena afadhali umtaje sangara. Ndege zinazoondoka Entebbe kwenda Ulaya hubeba tumboni minofu ya sangara, maua na mboga, na pesa hiyo ndiyo inayookoa safari nyingi ambazo viti vyake havikujaa. Sasa A380 ina ghorofa mbili za watu, na tumbo moja tu la mizigo. Masanduku ya abiria wote hao yakiingia, nafasi inayobaki ya kuuza ni ndogo. Boeing 777 yenye injini mbili inaishinda kwa shehena. Na usidhani ukishindwa na abiria utaigeuza kuwa ya mizigo kama zile 747 zinazoinua pua na kumeza mashine nzima. Toleo la mizigo la A380 lilikufa kabla halijazaliwa, baada ya FedEx na UPS kufuta oda zao.

A380 ina injini nne, na habari yake kwa kifupi ni hii: zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa dharura, hivyo kuvuka bahari kulihitaji tatu au nne. Mwaka 1985 dakika zikawa 120, baadaye 180, kisha 777 ikaingia kazini mwaka 1995. Tangu hapo injini mbili za ziada ni ankara mbili za ziada.

Haya, nitawapa Emirates haki yao, shingo upande. Dubai imekaa njia panda. Wanakusanya watu kutoka Entebbe, Mumbai, Manchester na kwingine, wanawachanganya, ghorofa mbili zinajaa. Na Heathrow, uwanja mkubwa wa London, ina njia mbili za kurukia na nafasi za kutua ni za kugombania, hivyo ukipata moja ni vizuri utue na watu wengi. Hata Lufthansa walizirudisha baada ya korona. Lakini walizirudisha kwa sababu abiria waliongezeka ghafla na Boeing 777X waliyoiagiza imechelewa kwa miaka. Huyo mchumba amerudiwa kwa kuwa mwingine hajafika.

Za mitumba nazo zilishajaribiwa. Hi Fly ya Ureno ilichukua moja mwaka 2018, iliyokuwa ya Singapore Airlines, na mwaka 2020 ikaiachia. Nyingine zilizotoka Singapore, zenye umri wa takriban miaka kumi tu, hazikupata mtu. Zilipelekwa Tarbes, Ufaransa, zikafunguliwa bolti kwa bolti, vipuri vikauzwa. Jamani, muuza vipuri wa Kisekka! Gari linapokuwa na thamani kubwa likiwa vipande kuliko likiwa zima, wewe ndiye wa kwanza kulijua.

Hasira yangu nyingine ni kwamba tayari tuna somo letu uani. Uganda Airlines, iliyofufuliwa mwaka 2019, ina Airbus A330-800 mbili za viti 258. Viti vichache, ndiyo, lakini zina mabawa na injini za ndugu yake mkubwa, A330-900, na ndiyo maana wateja wa toleo hilo duniani kote wanahesabika kwa vidole. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akituonyesha hasara za shirika zinazovuka shilingi bilioni 200 kwa mwaka. Sisemi ni ndege peke yake. Safari mpya ya London, iliyoanza Mei 2025 na kutua uwanja wa Gatwick, naiombea heri kwa moyo wote. Nimechoka kuunganisha ndege usiku wa manane nikilala juu ya begi.

Ila kama kuna mbunge anayetaka kusimama kulidai jambo, asidai ndege. Adai takwimu, kila mwezi, njia kwa njia, Dubai, Mumbai, Lagos, London: kati ya viti 258, vingapi viliondoka na mtu aliyelipa, na alilipa kiasi gani.