Rido ndani, maji nje
Nyumba tunayopanga hapa Ibanda, Bukavu, ina beniwari ya zamani, lile beseni kubwa la kuogea, nzito ya chuma. Kila mtu akitoka kuoga, mimi naingia na torshoni kupangusa maji sakafuni.

Nilidhani ni watoto, nikawagombeza. Kumbe rido, lile pazia la kuogea, iko ndani kabisa, imelowa na kushikamana vizuri, na maji bado yanatoka! Juzi nikapiga magoti, dushi ikiwa wazi, nikatazama. Maji yanagonga bega la mtu, yanarukia ukuta, yanateremka hadi kwenye ule ukingo bapa, kisha yanatembea taratibu mpaka kwenye kona, pale rido inapoachana na ukuta kama vidole viwili. Hapo yanamwagika sakafuni, bila haraka yoyote.

Fundi alikuja. Akapaka silikoni, ile gundi ya kuziba kati ya beniwari na ukuta, juu ya ile ya zamani yenye ukungu mweusi, ukingo ukiwa bado umelowa, akachukua pesa yake akaenda. Siku ya tatu ikabanduka kama ganda la muhogo. Silikoni inataka pakavu, bwana! Ya zamani ikwanguliwe yote, beniwari ijazwe maji kwanza ili ishuke kwa uzito wake, halafu dushi isiguswe saa 24. Na sisi tuko watu saba.

Mdogo wangu ananiambia, “Yaya, muoge tu na ndoo.” Siku bomba likikauka ndivyo tunavyofanya, ndoo na kopo, na sakafu inabaki kavu kabisa. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.