Kinga ya meno: nani ainunue, na inakinga nini hasa?

Msimu wa raga ya shule ukianza Nairobi, mzazi aliyekwisha kulipa karo, jezi na viatu vya njumu hupata ujumbe mwingine: mtoto aje na kinga ya meno, kile kifuniko laini kinachovaliwa juu ya meno. Kuna makocha wasiomruhusu mchezaji kuingia uwanjani bila hiyo. Kuna na wazazi wanaojibu kwamba wao walicheza mdomo mtupu na meno yao yote yapo. (Waliong'oka meno, kwa kawaida, hawashiriki mjadala huu wakicheka.)

Sheria ya 4 ya raga haimsaidii kocha: inaruhusu kinga, hailazimishi. New Zealand waliamua wenyewe kuilazimisha mwaka 1997 na 1998. Kwa kuwa nchi ile ina mfuko wa umma unaolipia majeraha, matokeo yalihesabika: madai ya meno yaliyotokana na raga yalipungua kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Kwangu takwimu hiyo ina uzito kuliko kumbukumbu za mkongwe yeyote wa RFUEA, uwanja wa raga wa Nairobi.

Tena hasara yenyewe si ya siku moja. Meno ya mbele ya kudumu huota kati ya miaka 6 na 9, na hayana mengine nyuma yake. Kijana wa miaka 14 akipoteza moja, daktari hawezi kumwekea kipandikizi, yaani jino bandia linalokitwa kwenye mfupa, mpaka taya limalize kukua, kwa hiyo ataishi miaka kadhaa na jino la kuvaa na kuvua. Ni kweli jino lililong'oka zima linaweza kurudishwa: unalishika upande mweupe, huusugui mzizi, unalirudisha kwenye shimo lake la ufizi papo hapo au unalitia kwenye maziwa na kukimbia kwa daktari. Lakini kila dakika ina thamani, na nusu saa ikishapita matumaini hupungua haraka. Anayeijua foleni ya Barabara ya Ngong jioni ya Jumamosi atajua nusu saa inaishia wapi.

Hata hivyo mzazi anayenung'unika hajakosea kabisa. Kinga ya bei nafuu, ile ya kutumbukiza kwenye maji moto kisha unaiuma, ikiumwa vibaya hubaki nyembamba pale mbele inapohitajika zaidi. Inalegea, mchezaji anaibana kwa meno, hawezi kuwaita wenzake, na kabla ya mapumziko imeshaingia kwenye soksi. Ile inayotengenezwa na daktari kwa chapa ya meno yako inakaa vizuri, ila inagharimu maelfu ya shilingi, na mdomo wa mtoto unabadilika kabla pesa haijasahaulika. Kwa anayekua ningechagua ya kuchemsha, iliyoumwa mbele ya mtu anayejua kazi hiyo. Ya daktari namwachia mtu mzima.

Nisichokubali ni kuuziwa kinga hii kama ulinzi wa ubongo. Ushahidi kwamba inazuia mtikisiko wa ubongo bado haujatulia. Zile zenye vitambuzi, zilizoingizwa katika raga ya ngazi ya juu tangu Januari 2024, zinapima kishindo kilichofika kichwani tu. Kipimajoto nacho hakitibu malaria.

Kuna na wanaosaga meno usingizini, wakaamka taya linauma, wakafikiria kulala na kinga hii. Hapa nasimama na wenye shaka. Kinga laini ya michezo haifai kulaliwa: inatafunika, na kwa baadhi ya watu misuli ya taya hufanya kazi zaidi. Kinga ngumu ya usiku hulinda meno yasilike, lakini usagaji wenyewe unaweza kuendelea. Na huenda chanzo cha meno kulika si kusaga, bali soda za kila siku au asidi inayopanda kutoka tumboni, au usagaji unaambatana na pumzi inayokatika usingizini. Heri pesa ya kwanza iende kwenye uchunguzi.

Kwenye ndondi hakuna mjadala, kinga ni lazima. Klabu ya mtaani, kama zile za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inaweza kuwapa vijana glavu za kupokezana. Kinga ya mdomo haipokezanwi, ina mate na damu. Kwa hiyo mfadhili anayeuliza aanze na nini, aanze na hiyo, moja kwa kila kijana.