Kilomita 21 kwa Mwendo wa Fundi

Lamu mtu hakimbii bure. Ukionekana unapiga mbio kwenye kichochoro cha Mkomani alfajiri, basi kuna mgonjwa, kuna moto, au kuna aliyekata roho. Siku ya kwanza nilipotoka kufanya mazoezi, bibi mmoja jirani yetu alifungua dirisha la juu akauliza, "Nani tena, mwanangu?" Nikamwambia hakuna, bibi, nakimbia tu. Alinitazama kitambo, akasema, "Mungu akuponye," akafunga dirisha. Tangu siku hiyo natembea mpaka nifike ukingo wa bahari ndipo nianze kukimbia. Sipendi kuamsha watu kwa msiba ambao haupo.

Watu wa bara wakisikia nimekimbia nusu marathoni huniuliza, "Ulishika nambari ngapi?" Watu wa kwetu huniuliza, "Ulikuwa ukikimbilia wapi?" Zamani swali hili la pili lilinichekesha. Siku hizi naona lina akili kuliko lile la kwanza.

Kukimbia kwa Kenya kuna wenyewe. Kuna Iten, kuna Kapsabet, miji ya bara inayotoa wakimbiaji, kuna Eliud Kipchoge aliyemaliza kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kuna marehemu Kelvin Kiptum, aliyekimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35 tu juu yake. Mimi na sahibu yangu tulikimbia nusu ya masafa hayo kwa saa 2 na dakika 51. Kwa muda huo Kiptum angemaliza marathoni nzima, akaoga, akanywa chai ya pili, na sisi bado tungekuwa mchangani tunatafuta chupa ya maji. (Nitaieleza habari ya chupa.) Sina kinyongo na mabingwa, nawakodolea macho kwenye televisheni kama kila mtu. Ila nadhani wametuzoesha vibaya bila kukusudia. Tumeona mbio kuwa mtihani, na asiyeweza kufaulu asijitie aibu. Mbona wazee wanaocheza bao barazani hakuna anayewauliza cheo chao? Wanacheza kwa sababu jioni imefika na mwenzao yupo.

Huyo sahibu yangu ni fundi wa kuchonga milango, na kwa kuwa mtaa mzima humwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Tumekua pamoja. Ana mikono ya simba na miguu, tuseme, ya mtu anayefanya kazi amekaa. Mimi ni mwembamba, na kama wembamba wengi nimewahi kujidanganya kuwa ni kipaji.

Mwaka jana tulijiandikisha katika mbio rasmi, mji mwingine, fulana mpya na nambari kifuani. Tulikubaliana kwenda pamoja mwanzo hadi mwisho. Kilomita ya 14 misuli ya shavu lake la mguu ikakaza, akaanza kuchechemea. Akaniambia, "Nenda, yakhe, nitakukuta." Maneno hayo Mswahili anajua tafsiri yake: mtu mwenye adabu akikwambia nenda, adabu yako ni kubaki. Mimi nilijifanya sijui Kiswahili, nikaenda. Nilipata medali, na muda ambao leo siukumbuki vizuri. Yeye aliingia baadaye sana, watu wa kugawa maji wameshaanza kukunja meza. Akanipa mkono. "Hongera, bwana." Hakusema jingine, na njia nzima ya kurudi Lamu tulizungumza habari za bei ya mbao.

Miezi ikapita. Mwezi wa Agosti yeye mwenyewe ndiye aliyekuja na wazo. Tukimbie yetu, hapa hapa, bila nambari wala fulana. Kutoka gatini mpaka kijiji cha Shela ni kama kilomita 3, na kutoka Shela ufuo unanyooka kilomita na kilomita, hakuna gari, hakuna bodaboda ya kukupigia honi. Mtu akienda kiasi cha kilomita saba na nusu mchangani kisha akageuka, amepata nusu marathoni yake.

Hesabu rahisi, mpaka uikumbuke bahari. Anayetaka kukimbia ufuo wa Shela hapangi tarehe kwa kalenda ya ukutani. Maji yakijaa, unachobakiwa nacho ni mchanga laini ule wa juu, mguu unazama mpaka kifundo, na kilomita moja inakuwa tatu. Ni lazima uupate mchanga mgumu, ule uliotoka majini sasa hivi, na huo una saa zake. Tulikwenda kumwuliza ami mmoja mvuvi anayeshona nyavu karibu na gati. Hakutazama simu wala karatasi. Alihesabu kwa vidole akasema twende tarehe kumi na mbili ya mwandamo. Siku za bamvua lenyewe, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa mwisho mnamo saa nne asubuhi, na saa hiyo jua limeshakuwa kali. Kila siku kupwa huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini, kwa hiyo ukirudi nyuma siku mbili kabla ya mwezi mpevu unapata mwisho wa kupwa karibu na saa mbili na nusu. "Mtoke baada ya alfajiri," akasema, "mai yatakuwa yakiwakimbia mbele." Sijapata mwalimu wa mbio aliyenipa ratiba bora. Akaongeza kuwa ni wakati wa kusi, kwa hiyo upepo utatupiga usoni wakati wa kwenda na kutusukuma wakati wa kurudi, na tukiweza kwenda tutaweza kurudi.

Tulitoka gatini saa kumi na mbili kasorobo. Mimi nilivaa kaptura ya kupita magoti, kwa heshima ya mji. Fundi alivaa suruali ya mazoezi na raba ambazo nilimwambia aziache, hakusikia. Kipande cha kwanza mpaka Shela hakina hadithi kubwa, isipokuwa punda. Karibu na mwisho wa mji tulikutana na punda watatu waliobeba mawe ya kujengea, na kijana nyuma yao akipiga kelele tupishe. Tukapisha. Tulipoanza tena kukimbia, punda wa mwisho, aliyekuwa ameshatua mzigo, akatupita kwa mwendo wa troti bila hata kugeuza sikio. Nilitaka kumkimbiza. Fundi akanishika mkono: "Mwache, huyo anafanya mazoezi ya Maulidi." Wageni wanaokuja Lamu wakati wa Maulidi huona mashindano ya punda kama kichekesho, lakini punda wa hapa wana ushindani kuliko mimi.

Tukaingia mchangani. Hapo nataka kukaa kidogo.

Asubuhi ile maji yalikuwa yameshashuka na kuacha ukanda mpana wa mchanga mgumu, unang'aa kama sakafu iliyopigwa maji. Kulia kwetu vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mtu asiyejua huviona ni jangwa, kumbe ndivyo vinavyohifadhi maji ya visima vya Lamu; mvua inazama mle, inachujika, na mji unakunywa. Kushoto bahari wazi. Mwani ulikuwa umetupwa mafungu mafungu na kusi. Kaa wadogo weupe walikuwa wakitukimbia kiubavu na kuingia mashimoni, na nakwambia hao ndio wanariadha pekee niliowashinda siku ile, kwa sababu waliacha njia.

Fundi aliniuliza kama najua watu waliwahi kupiga mbio mahali hapa wakiwa na sababu nzuri zaidi. Alikuwa akisema Vita vya Shela, karibu mwaka 1812, jeshi la kisiwa jirani cha Pate na la Mazrui, watawala wa Mombasa, lilipokuja kuipiga Lamu. Wanasimulia wazee kwamba wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimelala mchangani, maji yamepwa. Hawakumwuliza ami wa nyavu. Fundi alicheka mpaka tukalazimika kutembea.

Na tulitembea mara nyingi, si hiyo tu. Yuko Mmarekani, Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya 1972, na baadaye akawafundisha watu wa kawaida kukimbia kidogo na kutembea kidogo kwa makusudi, tangu mwanzo, kabla hujachoka. Mwanariadha wa Olimpiki si mtu wa kusifu kutembea bila sababu, nikajisemea. Ila niseme kweli, sisi tulikuwa tukitembea kila hadithi ilipofika patamu. Kipimo chetu kilikuwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata, mwendo ni sawa. Sentensi ikikatika, punguza. Wataalamu nao hutumia kipimo hicho, na kwa Mswahili hakihitaji saa ya mkononi, maana sentensi zetu ni ndefu.

Nilikuwa nimebeba tende na chumvi kidogo kwenye karatasi. Ukitoka jasho la kusi na pwani kwa saa mbili na zaidi, maji matupu hayatoshi, mwili unataka chumvi yake irudi. Chupa mbili za maji tulizifukia wakati wa kwenda, kando ya gogo, ili tusizibebe. Wakati wa kurudi tuligundua kwamba ufuo wa Shela una magogo mengi yanayofanana. Tulipata moja. Nyingine iko huko, na atakayeiona ainywe, ni halali yake.

Kilomita ya 16 shavu la mguu la Fundi likakaza. Upande ule ule. Akasimama, akainama, na nikamwona anatafuta maneno. Kabla hajasema "nenda" nilikaa chini kwenye mchanga, nikavua raba yake moja nikaimwaga, ukatoka mchanga wa kutosha kupandia mnazi. Alikuwa na malengelenge mawili. Akavua ya pili, akazifunga kwa kamba shingoni kama samaki wa kuuza, na tukaendelea kwa kutembea, peku, jua likitupiga usoni sasa, kusi ikitusukuma mgongoni kama ami alivyosema.

Hapo ndipo aliponiambia habari ya mwaka jana. Aliniambia kwamba nilipomwacha alikaa ukingoni mwa barabara, na kila kundi la wakimbiaji lilipopita aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga na kuzifungua mara nyingi, ili watu wadhani tatizo ni kamba. "Nilikuwa fundi wa kamba siku ile," akasema. Alisema kwa kucheka. Mimi sikucheka, nikamwomba radhi, na nilikuwa nimechelewa karibu mwaka mzima. Akanijibu, "Si nilikwambia nenda?" Nikasema ndiyo, ulisema. Tukatembea kipande kirefu tukisikiliza mawimbi.

Sasa anayeniuliza nambari nimjibu nini? Mbio zile za mwaka jana zilipimwa kwa mashine, zikatolewa orodha, na ndani ya orodha ile mimi ni wa mbele na yeye ni wa nyuma. Jambo kubwa lililotokea siku ile, mtu mzima akijifanya anafunga kamba, halimo. Ndiyo maana siamini tena wanaosema kwenda kwa mwendo wa mwenzako ni kujipotezea mbio. Kama una umri mdogo, una mwalimu na una njaa ya kushinda, mwache mwenzako na uende zako, hiyo ni kazi na kazi ina sheria zake. Lakini sisi wenye umri wa kutunza magoti, tunaojiita wakimbiaji wa raha, raha hiyo tunaipata wapi kama si kwa mtu wa pembeni? Nimekimbia peke yangu mara nyingi. Ni dawa, sikatai, na dawa nameza, simwiti mtu kula.

Tulikimbia tena kuanzia Shela, taratibu, kwa sababu mjini kuna watu na Fundi ana jina la kulinda. Mbele ya gati simu ikasema kilomita 21 kamili. Akasimama. Nikamwambia bado mita 97 na nusu. Akataka kujua zimetoka wapi, nikamweleza: Olimpiki ya London mwaka 1908 mbio zilianzia kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, ikawa kilomita 42 na mita 195, na mwaka 1921 kipimo hicho kikafanywa cha dunia nzima. Gawa kwa mbili. Fundi, ambaye riziki yake ni vipimo, alichukizwa kwelikweli. "Yaani mimi nina malengelenge kwa ajili ya kiti cha mfalme? Mlango ukiupima hivi haufungi." Akazikimbia hata hivyo, peku, raba zikimpiga kifuani, akipita mbele ya wazee wa kahawa, na nilibaki nyuma yake hatua mbili kwa makusudi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kuna nini?"

"Hakuna, mzee," Fundi akajibu. "Twakimbia tu."

Saa ilikuwa saa mbili na dakika 36. Tukala mahamri na mbaazi mpaka mwenye mgahawa akahesabu mara mbili. Tulipomrudia ami kumshukuru alikuwa ameshahesabu ya mwezi unaofuata: tarehe kumi na mbili inaangukia Jumanne, na Fundi Jumanne ana mlango wa kumkabidhi mteja. Tumeweka ya mwandamo wa baada ya hapo. Raba anasema hazivai tena, ingawa ameziosha na kuzianika dirishani.