Mgongo ukichoka, nani analipia masomo?

Wengi mlioko nyumbani mnadhani huku Ujerumani mtu akichoshwa na kazi za nguvu anahamia tu ofisini. Si rahisi hivyo. Mimi nilikuwa nafunga majukwaa ya ujenzi, sasa nachora ramani za majengo kwenye kompyuta, na katikati hapo kuna fomu nyingi na Kijerumani kingi.

Ofisi ya ajira inaweza kukupa vocha ya mafunzo, Bildungsgutschein. Inaweza pia kukunyima. Ukiipata, ada inalipwa, na kama ulichangia bima ya ukosefu wa ajira (sadaka haipo hapa, nilikatwa kila mwezi) unapata asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, au 67 ukiwa na mtoto. Tangu Julai 2023 kuna nyongeza ya euro 150 kwa mwezi kwa anayesomea fani kamili. Fani ya miaka 3, mtu mzima kwa kawaida huisoma kwa 2.

Tanzania tuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, tangu 1994, na inampima fundi aliyejifunzia mtaani ikampa cheti. Naisifu kwa hilo. Ila cheti hicho kinamthibitisha mwashi kuwa mwashi, hakimtoi kwenye zege. Akitaka fani nyingine, vyuo vipo. Kinachomshinda ni watoto watakula nini miezi ambayo haendi saiti.

Ndipo tunapomshauri wote kwa sauti moja: fungua biashara. Anauza kiwanja, ananunua bodaboda. Jamani, kutwa kwenye mashimo juu ya pikipiki na mgongo mbovu, huo ni wepesi gani? Mwashi wa miaka 20 anatazama ukuta tu akajua utakula tofali ngapi na mifuko mingapi ya saruji. Huyo ni wa kukadiria gharama, kusimamia mafundi, kufundisha vijana. Sisi tunampeleka akauze vocha za simu.

Nyumbani tunawazidi Wajerumani kwa jambo moja: mkandarasi akikuamini, kesho wewe ndiye msimamizi, cheti baadaye. Huku bila karatasi hujui kitu.

Sasa ile mikopo ambayo halmashauri zetu hutoa kwa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwashi mwanamume wa miaka 50, mgongo unauma lakini hahesabiki mlemavu, hayumo popote. Ningekuwa na sauti, ningeanza na huyo: apewe posho ya kujikimu akiwa darasani, hata ya miezi 6.